Mwalimu Anauliza Kama Samaki Wamekula

Fundi Maji alijua tangu mlangoni kwamba mambo si shwari, maana harufu ilimpokea kabla ya watu. Tangi la samaki likitunzwa halinuki. Likinuka, kuna kitu kimeoza ndani yake na kuna mtu atalaumiwa, na katika miaka kumi na mmoja ya kuosha matangi ya watu, mtu huyo hajawahi kuwa mwenye nyumba.

Na kweli, hata hajatua ndoo, Dada Mkubwa akamletea kisosi. Juu yake walilala samaki wawili, matumbo yamewavimba.

"Fundi, ulitia dawa gani humu wiki iliyopita?"

"Sikutia dawa, Dada. Nilibadilisha maji tu, kama siku zote."

"Basi hayo maji yako yanaua. Akifa mwingine, usirudi tena."

Akarudi kwenye cherehani yake chumba cha mbele. Alikuwa mshonaji, na maneno aliyakata kama kitambaa, mara moja, bila kupima tena.

Nyumba nyingine Fundi angeondoka na ndoo yake bila kugeuka nyuma. Hii hakuweza. Mwenye samaki alikuwa mama yake Dada Mkubwa, Mwalimu, aliyemfundisha kusoma baada ya walimu wawili kumsusa na kumwambia akachunge mbuzi. Tangu Mwalimu astaafu, tangi ndilo darasa lake. Yule mkubwa wa rangi ya chungwa alimwita Kiranja, kwa vile alipenda kuwasukuma wenzake. Aliyejificha nyuma ya jiwe akamwita Mtoro. Leo Mtoro alikuwa mmoja wa wale wawili kwenye kisosi, na Fundi alimwonea huruma kwa jinsi alivyoonekana hadharani siku hiyo tu.

Mwalimu mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake mbele ya tangi, shali mabegani.

"Shikamoo, Mwalimu."

Jibu lilichelewa kuja. "Marahaba. Umechelewa."

"Ni saa tatu kamili, Mwalimu."

"Basi saa ndiyo iliyochelewa."

Fundi alicheka, lakini hakupenda sauti ile. Ilitoka mbali, kama ya mtu aliye chumba cha pili. Wiki tatu zilizopita Mwalimu alitoka hospitali alikolazwa kwa presha, akarudi anatembea na fimbo, anagombeza watu vizuri tu. Sasa fimbo ilikuwa imeegemezwa ukutani, na mkono aliompa ulikuwa wa baridi.

"Samaki wamekula?" aliuliza Mwalimu.

"Sijui, Mwalimu."

"Hawajala. Hakuna anayewakumbuka. Watupie kidogo."

Mwanafunzi haachi kuwa mwanafunzi. Fundi alichukua kopo lililokuwa juu ya tangi, akatupia kidogo.

"Na mimi nipe kidonge changu. Kipo hapo kwenye stuli, chini ya kitambaa. Leo wamenisahau, kila mtu na hamsini zake."

Akainua kitambaa, akakuta pakiti, akatoa kidonge kimoja, akamshikia bilauri ya maji mpaka akameza. Mwalimu akasema asante. Tuseme ukweli, Fundi alifurahi kwamba ni yeye aliyeombwa.

Kisha akaanza kazi. Alitumbukiza mpira ndani ya tangi, akavuta kwa mdomo mpaka maji yakaanza kushuka kwenye ndoo, akapitisha ncha yake katikati ya changarawe. Kilichotoka kilimfanya asimame. Chini ya changarawe kulikuwa na chakula, tabaka juu ya tabaka, kimeoza na kuwa uji mweusi. Samaki waliobaki walikuwa wamelala karibu na chini, wazito, hawana hata hamu ya kuukimbia mpira. Fundi alikuwa na msemo wake wa kuwaambia wateja, kwamba tumbo la samaki si kubwa kuliko jicho lake, na kwamba wa nyumbani hafi kwa njaa, hufa kwa kupendwa. Wateja hucheka, halafu wanaendelea kumwaga chakula.

Alikwenda mpaka mlango wa chumba cha mbele. "Dada, samaki analisha nani?"

"Mimi. Kila asubuhi, kidogo tu."

Kitinda mimba, aliyeuza simu dukani mjini, alikuwa anatoka bafuni, taulo kichwani. Alisimama hatua mbili kutoka kwa dada yake na kumtazama Fundi peke yake.

"Fundi, mwambie huyo asidanganye watu. Ninayewalisha ni mimi. Mama ananiuliza mimi kama wamekula."

Cherehani ikaongeza kasi.

Ndivyo walivyoishi, miezi minane sasa. Baada ya kumzika baba walizozana mama akae na nani, yakasemwa maneno yasiyomezeka, na tangu hapo ndugu watatu wale hawapikiki chungu kimoja. Nyumba moja, jiko moja, lakini kila mtu ana sukari yake na saa yake ya kupika. Wakiwa na jambo la kuambiana humtumia mama, na siku za kuosha tangi humtumia Fundi, ambaye ameshapeleka kutoka jikoni hadi sebuleni matusi ambayo hata hakuyaelewa.

Aliporudi kwenye tangi alianza kupekua. Kopo la chakula cha samaki juu ya tangi alilijua. La pili lilikuwa nyuma ya pazia, la tatu nyuma ya saa ya mezani. Akayapanga matatu mstari mmoja, akacheka peke yake. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Haya, maji yake hayakuua mtu. Alimgeukia Mwalimu amweleze, lakini Mwalimu alikuwa amesinzia, kidevu kifuani, saa tatu na nusu ya asubuhi.

Mtoto wa kati akaingia, mwokaji mikate, anatoka zamu ya alfajiri, unga bado umemganda masikioni. Mwalimu akafumbua macho nusu.

"Samaki wamekula?"

"Sasa hivi, Mama," alisema Mwokaji, akanyoosha mkono nyuma ya saa, akalikosa kopo lake.

"Wameshakula mara tatu leo, Kaka," alisema Fundi, akamwonyesha ndoo. "Na mara moja ni mimi niliyewapa. Tazama uchafu huu."

"Mama anasema hawajala."

"Mama anasahau. Nanyi hamuulizani." Alilisema kama utani, na Mwokaji akalipokea hivyo hivyo, akatabasamu. Kisha akatoa pakiti kwenye mfuko wa shati, akabinya kidonge kimoja kikaangukia kiganjani.

"Na dawa yako, Mama. Umeshameza leo?"

"Bado," alisema Mwalimu, macho yamefumba tena. "Wamenisahau."

Fundi alitazama pakiti iliyokuwa mkononi mwa Mwokaji. Alitazama ile ya kwenye stuli, aliyoifunika yeye mwenyewe. Rangi moja, maandishi yale yale. Halafu akatazama makopo yale matatu.

"Kaka, subiri. Usimpe."

"Kwa nini?"

"Hiyo pakiti ni ya nani?"

"Ya Mama. Naitunza mimi. Daktari alisema isikosekane hata siku moja."

Fundi aliinua kitambaa. "Na hii?"

Mwokaji aliilinganisha na yake. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi minane.

"Dada!" aliita. "Dada, njoo."

Cherehani ikanyamaza. Dada Mkubwa akaja na ufunguo wa droo shingoni, na ndani ya droo hiyo, ilibainika, kulikuwa na pakiti ya tatu; kila mmoja alikuwa amenunua yake. Kitinda akaja na taulo lake. Hata hapo, kwa mazoea, walizungumza na Fundi.

"Mwambie mimi humpa saa kumi na mbili, akiamka. Kimoja."

"Mimi humpa kabla sijaoga. Kimoja tu. Hiyo ya kwenye stuli ni yangu."

"Mimi nikitoka kazini."

"Na kwa siku anatakiwa vingapi?" aliuliza Fundi, akiomba Mungu mmoja wao ataje vitatu.

"Kimoja," alisema Dada Mkubwa, na neno hilo halikukatwa vizuri.

Wiki tatu. Kizunguzungu, usingizi wa mchana, miguu baridi, kuanguka bafuni Jumanne iliyopita. Wote waliviona, wakasema ni uzee na presha, na kila mmoja akazidi kuhakikisha kwamba yeye, angalau yeye, hasahau dawa ya mama.

"Mwalimu," aliita Fundi, akapiga magoti. "Mwalimu."

Hakuitika. Fundi alihesabu pumzi zake kama anavyohesabu kufunguka kwa matamvua ya samaki anayekufa, na kati ya moja na nyingine akapata nafasi ya kuogopa.

Dada Mkubwa alikuwa ameshapiga simu hospitali. "Daktari anauliza amemeza vingapi leo."

"Kutoka kwangu, kimoja," alisema Kitinda. Sasa alimwambia dada yake.

"Na mimi kimoja." Dada alimtazama Mwokaji. Mwokaji akafungua kiganja. Kidonge chake kilikuwa bado hapo, kimeanza kuyeyuka kwa jasho. Dada akashusha pumzi. "Viwili, daktari. Viwili tu, nina hakika."

Fundi alisimama na mikono yake iliyolowa. Hakuna aliyemwona akimpa kile kidonge. Hata viwili ni hatari ya kutosha, na nyumba hii tayari ilikuwa inatafuta sababu ya kumfukuza. Alikumbuka jinsi Mwalimu alivyomeza, jinsi alivyosema asante.

"Vitatu, Dada," alisema. "Nami nilimpa kimoja nilipoingia. Aliniomba."

Dada alimtazama kana kwamba hakuwahi kumwona maisha yake yote. "Vitatu," aliiambia simu.

Mwokaji alimbeba mama yake. Kitinda akashika miguu, Dada akatangulia kufungua milango, na wote watatu wakawa wanasema kwa pamoja, shika kichwa, angalia kizingiti, polepole. Mlangoni, juu ya bega la mwanawe, Mwalimu akafumbua macho, akamtafuta Fundi.

"Samaki wamekula?"

"Wamekula, Mwalimu. Wameshiba."

Alitikisa kichwa kidogo sana, kama alivyofanya zamani kwa mtoto aliyedanganya. "Hawajala," alisema.

Gari waliloita likaondoka. Fundi alibaki na ndoo yake na nyumba iliyoachwa wazi. Alikusanya makopo yote matatu, akayamwaga kwenye ule uji mweusi wa ndoo. Alipoinua kichwa, Kiranja alikuwa amepanda juu, kinywa nje ya maji, anafungua na kufunga, anafungua na kufunga. Maji yamemwishia hewa. Mtu asiyejua angedhani anaomba chakula.