Daftari la Mahali

Kaka yangu Shikanga alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha sukari, na kwa miaka kumi na tisa aliandika habari za radi. Kila ilipopiga hapa kwetu Butali alivaa gambuti, akaenda kuangalia mti au nyumba iliyopigwa, kisha akalipa pigo hilo nambari. Saa aliziandika katika baadhi ya madaftari, mvua katika mengine, na mahali katika moja nene peke yake. Alisema mtu akichanganya mambo huanza kuona anachotaka kuona.

Majirani walinong'ona kwamba anaiita radi. Mimi niliwacheka. Nilimaliza kidato cha nne, tena yeye ndiye aliyenifundisha sayansi.

Malaria ilimuua Machi 1996. Siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, vitu vyake viligawanywa kama desturi yetu ilivyo. Lusweti, mpwa wetu, alipata baiskeli. Madaftari yakabaki.

"Na hii mabuku ya radi?" aliuliza Baba mdogo Willis. "Mimi siwezi lala na hiyo kitu kwa nyumba."

Nilikasirika. Nikagawa madaftari kwa wapwa, moja moja, wamkumbuke. Lile la mahali nikalichukua mwenyewe.

Baada ya miezi miwili akaja Daktari Jelagat, mhadhiri kutoka Nairobi, ambaye walikuwa wakiandikiana barua na kaka. Hakuwa na habari ya kifo. Alilia pale uani kama mtu wa ukoo.

"Mama Edah," akaniambia, "sijaona mtu mwingine aliyefanya kazi hii peke yake muda wote huo. Nikipata yote nitayachapisha kwa jina lake. Watu watajua mahali pa kutojenga shule."

Siku tatu tulizunguka. Nabwire wa sokoni alikuwa ameuziwa moja, akafungia njugu. Watoto wa Lusweti walikuwa wamechana jingine. Hata hivyo tulipata manane, na Daktari akayapanga mezani kwangu.

"Pigo la mia nne na kumi na mbili. Saa kumi jioni. Mvua ya mawe," akasoma. "Wapi? Bila mahali hii ni orodha ya ngurumo tu. Nani alipewa lile?"

Nilikuwa nalijua jibu tangu siku aliyofika. Wiki moja baada ya kugawana, mvua ya mawe ilinikuta jikoni peke yangu. Mbingu ilipasuka juu ya bati, nami nikaliona lile daftari kwenye rafu, limejaa nyumba zilizopigwa na majina ya waliofia ndani. Niliona kabisa kwamba radi inalitafuta. Nikalisukuma kati ya mafiga, nikalichochea kwa mwiko mpaka likaisha. Mimi, mwanafunzi wa Shikanga. Najichukia hadi leo.

"Alichukua Baba mdogo Willis," nikasema. "Alilichoma. Ni mtu wa kuogopa uchawi."

Baba mdogo alikuwa amehamia Lumakanda kwa binti yake, hakuwepo kujitetea. Daktari alitoa kalamu. Kisha akaandika katika kitabu chake kwamba kazi ya Shikanga wa Butali iliteketezwa na mzee asiyejua kusoma, akanishika mkono, akanishukuru kwa kujitahidi kuiokoa.