Macho ya Kusikilizia

Dada yangu, mshonaji wa mapazia, akishaamua jambo ameamua. Utambembeleza mpaka ukauke mate. Homa ilipomwacha binti yake hasikii, dada aliapa kwamba mtoto hatakosa wa kuongea naye ndani ya nyumba yake. Akajifunza lugha ya alama kwenye simu. Anashona upindo, simu iko kando ya cherehani. Anachemsha maji, simu iko juu ya kabati. Mtajie neno lolote, mlango, wivu, kesho kutwa, vidole vimeshajibu.

Ndiyo maana ujumbe ule ulimchoma. Binti aliniandikia mimi: "Mama mdogo, mwambie mama nataka kuhamia bwenini. Nyumbani sina wa kuongea naye."

"Hana wa kuongea naye!" dada alifoka. "Na mimi ni nani, pazia?"

Nilicheka, akaninunia. Lakini machozi yalikuwa yanamlengalenga, nikamhurumia.

"Haendi popote," alisema. Akamwita binti mezani papo hapo, akaanza kumuuliza kwa mikono. Alama zilitoka safi, moja baada ya nyingine, na yeye mwenyewe alizikagua, macho kayakaza kwenye vidole vyake kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Binti alijibu. Akajibu tena. Kisha akashusha mikono, akageukia dirishani.

"Umeona?" dada akaniambia. "Hataki kusema."

"Dada, amekujibu mara mbili. Ulikuwa unatazama vidole vyako."

"Nisipovitazama nitakosea!"

"Kosea basi! Alama zote umezimeza, lakini kuongea na mwanao hujui. Mtu akikuuliza swali huku kaziba masikio, wewe utamjibu mpaka lini?"

Dada alisogeza kiti chake. Akamgusa binti begani, akamtazama usoni, akaanza upya bila kuangalia chini. Loo, aibu gani! Vidole viligongana, akakwama, akarudia, jasho likamtoka. Macho hayakubanduka. Binti akaangua kicheko, akamsahihisha, kisha mikono yake ikafunguka na kwenda mbio, ikaenda, ikaenda, na dada akakaa palepale akimtazama.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Mengi yananipita," alisema bila kunigeukia, machozi yakimchuruzika. "Ila anauliza nimeanza kusikia lini."