Kikombe Kilichofunikwa

Saa sita na nusu mchana, mkahawa wa pembeni mwa Mtaa wa Ki Lung hauna nafasi ya kuweka hata kiwiko. Ukiona kiti kitupu unakaa, hata upande wa pili awe amekaa nani, na wala husalimii. Unakula upesi, maana kuna mtu amekusimamia kisogoni. Mhudumu Biu huondoa sahani huku bado unatafuna. Kitu kimoja tu hakigusi: kikombe cha chai kilichofunikwa kwa kisahani chake. Kikifunikwa, mwenyewe ametoka mara moja na atarudi.

Ndiyo maana kikombe cha Kam-tong kilikuwa bado kwenye meza ya karibu na nguzo tangu mwaka juzi. Alikifunika mwenyewe, siku nyapara alipompigia simu chakula kikiwa ndiyo kwanza kimefika, akimtaka apande jukwaa la mianzi la wajenzi kwenye jengo la mkabala. Mvua ilikuwa inanyesha. Alipanda, akateleza, akafa. Chai yake ya maziwa ilikuwa bado ya moto. Na kwa kuwa aliaga kwamba anarudi, alirudi kila mchana, koti likichuruzika maji.

"Kung'uta koti huko nje, bwana," Biu humwambia. "Watu watateleza hapa wavunjike viuno."

Mkewe, Yuk-lan, hushona zipu katika duka la mtaa wa pili. Alikuwa akiwahi kumshikia kiti, na si kwa mapenzi peke yake. Kampuni ya ujenzi ilisema kwamba saa ile marehemu alikuwa kwenye mapumziko ya mchana, anakula, kwa hiyo hakuwa kazini, kwa hiyo kifo chake hakiihusu. Maneno hayo yalimkaa Yuk-lan kooni kama mwiba wa samaki. Wamesema alikuwa anakula? Basi ale. Ale sahani nzima mbele ya macho yake, hata mara moja tu.

Hakuwahi kula. Tambi pana za mchele zilikuja zikinuka moshi wa karai, nyama ya ng'ombe laini, vitunguu vya majani bado vinachachatika. Kam-tong alichukua vijiti, akainua kipande cha kwanza, na simu ikalia mfukoni. Jina lake halikuwa limeondolewa kwenye orodha ya zamu.

"Usipokee," Yuk-lan alisema.

"Ni nyapara."

"Umeshakufa, baba wee! Atakufanya nini tena?"

"Si unamjua alivyo." Na kofia ngumu ilikuwa imeshakaa kichwani.

Ikawa hivyo kila mchana. Yuk-lan alibaki na sahani, akila tambi za mumewe bila kuisikia ladha yake. Alirudi kushona zipu upogo, akafokewa, akazifumua. Usiku aligeukageuka kitandani. Alichoka kukaa roho juu.

Jumatatu moja ya mvua, simu haikulia.

Kam-tong alikula kipande cha kwanza. Akakodolea mfuko macho. "Mbona kimya?"

"Kula!"

Akala cha pili. Simu ikalia, lakini ng'ambo ya meza. Mtu aliyekaa hapo alikuwa na mabega mapana, mvi zikianza kumtoka, na jina lake, Chung, limeandikwa kwenye kofia ngumu iliyofanana na ya Kam-tong. Naye alikuwa ameagiza tambi na chai ya maziwa. Alipokea akiwa ameshasimama.

"Ndiyo, bosi. Nakuja, bosi." Akachukua kisahani, akafunika kikombe.

Yuk-lan alimdaka mkono wa koti. "Usifunike. Inywe kwanza."

"Dada, huyu bosi humjui."

"Namjua."

"Narudi sasa hivi. Nishikie kiti tu, hawa waliosimama wana macho ya fisi."

Kam-tong aliinua uso, tambi zikining'inia mdomoni. "Upande wa barabara mianzi inateleza," alisema. "Na kamba zimelegea."

"Asante, kaka," Chung alijibu, akatoka mbio.

Yuk-lan alisimama amfuate. Lakini mbele yake mumewe alikuwa anakula, anakula kwelikweli, mafuta yakimng'aa mdomoni. Akitoka, hatamwona akimaliza. Akakaa. Alitamani kupiga kelele, na bado akakaa.

Kam-tong alimaliza mpaka jani la mwisho la kitunguu. Akafunua kikombe chake, akainywa chai bila kupumua.

"Vipi?" Yuk-lan aliuliza.

"Mafuta yamezidi kidogo."

Koti lake lilikuwa limekauka. Akamshika mkewe bega, akatoka, kofia akaiacha mezani. Biu alikichukua kile kikombe. "Afadhali," alisema. "Vikombe vyenyewe havitoshi."

Huko nje watu walianza kukimbilia jengo la mkabala. Waliokuwa wanakula hawakuinuka, maana wangepoteza viti. Biu alipangusa meza ya karibu na nguzo, akakizunguka kikombe cha Chung kwa kitambaa.

Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, kampuni ilikuwa imeshasema kwamba saa ile Chung alikuwa kwenye mapumziko, anakula. Yuk-lan aliwahi kiti chake cha siku zote. Alikigusa kikombe cha Chung kwa upande wa kiganja. Kilikuwa cha moto. Akaagiza tambi sahani mbili.

Chung aliingia analowesha sakafu.

"Kung'uta koti huko nje, mrembo wangu hapa asije akateleza," Biu alimwambia, akimnyooshea Yuk-lan kidevu.

"Samahani, kaka. Dada, asante kwa kunishikia kiti."

Yuk-lan alimsogezea sahani mpaka ikamgusa kifua. "Kula," alisema. "Kula upesi."

Chung akachukua vijiti, akainua kipande cha kwanza cha nyama, na simu ikalia.