Ng'ombe wa Minza katika Zizi la Jilala

Mafunzo yaliisha Ijumaa mjini Tabora, kwa soda na cheti, na Jumatatu Koleta alikuwa kijijini Choma, begani begi la hereni za kuwavika ng'ombe waliokatiwa bima. Mawakala wapya wa bima huanzia kwa ndugu. Si vibaya, ila ndugu ndio wagumu zaidi kuulizwa maswali. Mjomba wake Jilala, aliyemsomesha tangu baba yake afariki, alikuwa na zizi ambalo wapita njia husimama kulitazama. Kiangazi kilikuwa kimeanza kukausha malisho, naye alitaka bima ya kundi zima.

Sasa, aliyekulia upande ule anajua kwamba zizi kubwa si la mtu mmoja. Wamo ng'ombe wa mwenye zizi, na wamo waliowekwa na wengine: mlezi anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe. Na adabu ni moja: humuulizi mwanamume mbele ya zizi lake ng'ombe yupi ni wa nani. Ukitaka kujua, unamvuta pembeni. Bima nayo inataka mwenye mali, na mkufunzi alilirudia hilo mpaka watu wakapiga miayo: usimkatie mtu bima ya mali isiyo yake, hata akiwa baba yako.

Asubuhi ile Minza, mjane wa jirani, alikuwa amemwonyesha Koleta majike wake watatu wekundu. Walikuwa mahari ya binti yake, wakilala kwa Jilala kwa sababu kwake hapakuwa na mtu wa kukabili wezi. Aliwaonyesha kwa fahari, akiwataja kila mmoja kwa jina.

Koleta alimpigia simu Sixbert, kiongozi wa kikundi chake cha mawakala. Sixbert si mtu mbaya, ni mtu wa kuhesabu mauzo ya mwisho wa mwezi tu. Alisema mjomba aweke sahihi, hereni zivikwe, mengine ni mambo ya ukoo. Mimi ningemjibu vibaya. Koleta alikata simu. Hereni ikishakaa sikioni kwa jina la Jilala, nani tena atamsikiliza mjane?

Aliazimia kuuliza, na hapo alifanya vyema. Lakini cheti kilikuwa bado kinamlevya, akasahau alikozaliwa. Jilala alikuwa amewaita majirani waje kuona bima, nao wamejipanga kwenye ua wa miiba, Minza akiwa miongoni mwao. Koleta aliuliza mbele yao wote.

"Mjomba, hawa wote ni wako?"

Jilala si mwizi, na hilo ndilo linaloniuma. Kando, nyuma ya nyumba, angemtaja kila mwenye ng'ombe bila kukosea. Pale alitazama majirani, akamtazama mpwa wake.

"Wote wangu," alisema.

Koleta alimwambia kwa heshima kwamba wale watatu wekundu hataweza kuwakatia bima. Hakutaja jina la mtu. Hakukuwa na haja, kila jicho lilishamgeukia Minza.

Mjomba hakupaza sauti. Aliwaagiza wachungaji wawatenge wale wekundu wawatoe nje, akisema mwenye hofu na zizi lake akatafute lingine. Minza aliapa kwamba hajamlalamikia mtu yeyote, na ni kweli, alikuwa amejisifu tu. Majirani waliinamisha vichwa. Hakuna aliyejitolea kuwapokea, kwa kuwa kupokea ng'ombe waliofukuzwa kwa Jilala ni kumtangazia Jilala ugomvi.

Koleta alimfuata mjane barabarani. Alimweleza sheria, alimweleza kwamba alitaka kumlinda, mwisho akaomba radhi. Minza aliendelea kuswaga ng'ombe wake mpaka walipofika njia panda, akasimama.

"Umenitetea, mwanangu, nimeona," alisema. "Sasa jua linazama. Nionyeshe pa kuwalaza."