Mpunga wa Mwezi wa Nane

Oliva alipopewa uji na wifi yake, aliunusa kwanza. Wala hakujificha. Aliinua kikombe hadi puani, akavuta pumzi, kisha akakiweka chini na kusema ameshiba. Levina, mke wa mdogo wake, alikichukua kikombe kile, akaunywa uji mwenyewe, akaenda kuosha vyombo. Oliva akaona hiyo nayo ni janja.

Alikuwa ametoka Uchindile kwa treni akiwa na kazi moja tu: kumchukua mama yake, Bi Serafina, akaishi naye kule milimani. Hakuwa mtu wa kukaa bure. Alikuwa na mgahawa wa kulisha vibarua wa mashamba ya miti, na kila siku aliyoufunga ilimuuma. Lakini simu za Justa, jirani wa mama pale Lipangalala, zilikuwa zimemnyima usingizi. Justa alisema mama anafungiwa kwa kufuli. Alisema amekonda, na amewasahau hata wanajumuiya aliosali nao tangu ujana. Mwisho akashusha sauti, ingawa alikuwa peke yake jikoni kwake, akasema, "Dada Oliva, njoo uone mwenyewe. Kuna mpunga pale nyuma. Mpunga, mwezi wa nane!"

Mtu wa bondeni hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Mwezi wa nane mpunga wa Ifakara uko kwenye magunia, na mashambani yamebaki mabua makavu ya kulisha ng'ombe. Oliva alipozunguka nyuma ya nyumba alikuta jaruba moja, dogo kama chumba cha kulala, limejaa maji, na mpunga umesimama kijani kibichi, ndiyo kwanza unatunga maziwa. Kamba zenye makopo zilipita juu yake huku na huku. Kando palikuwa na kibanda cha nyasi, na ndani ya kibanda mama yake ameketi, ameshika ncha za kamba.

"Hooo! Hooo!" Bi Serafina akavuta, makopo yakalia, na ndege wakarukia juu ya ukuta. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alimtazama binti yake kama mpita njia. Kisha akamvuta karibu na kumnong'oneza. "Wewe dada, una chakula? Yule mwanamke ananinyima. Tangu jana sijala. Na khanga zangu kaiba zote."

Karibu na mguu wake palikuwa na sahani yenye punje za wali na mifupa ya samaki. Oliva aliiona ile mifupa, lakini siku ile macho yake yalikuwa yanachagua cha kuona.

Justa alikuwa anamsubiri kwenye uzio. "Umeona? Anakutazama lakini hakuoni. Mwenzangu, mtu wa namna hiyo sisi tunamwitaje?"

Neno lenyewe Oliva hakutaka kulitamka, maana yeye ni mwenyekiti wa kinamama kanisani kwao. Msukule. Mtu aliyechukuliwa akili, akaachiwa mwili wa kumfanyia kazi mchawi wake. "Mimi mambo hayo siyaamini, Justa," alisema, na tayari alikuwa ameshayaamini kuanzia utosini hadi kwenye nyayo.

Tangu hapo kila alichofanya Levina kikawa ushahidi. Jioni alibeba ndoo za maji kutoka bombani na kuzimwaga jarubani huku midomo yake ikichezacheza. Oliva akajua ananuiza. Alifunga geti kwa kufuli na ufunguo akautia kifuani. Oliva akamwona mama yake kuwa mfungwa. Mama alipolia kwamba khanga zimeibwa, Levina hakubisha, alisema tu, "Pole mama, tutazitafuta." Hilo ndilo lililomkereketa Oliva kuliko yote. Mtu asiye na hatia hubisha, huapa, hupiga kelele mpaka majirani watoke. Yeye mwenyewe ndivyo angefanya.

Mdogo wake, Hilary, hakuwa na msaada wowote. Alikuwa Mlimba kwenye kazi ya mashine ya kukoboa, na kwenye simu alisema, "Dada, si umuulize Levina mwenyewe?" Oliva hakuuliza. Anayejua aulize nini?

Kesho yake akaja kijana mmoja, Osward, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Alikuwa mtu wa utafiti wa afya ya ubongo wa wazee. Alimwamkia Bi Serafina kwa adabu, akamtajia maneno matatu, jembe, samaki, kanisa, akamwomba ayashike kichwani. Wakaongea habari nyingine kidogo. Alipomwomba ayarudie, mama alicheka na kusema hakutajiwa kitu. Akaulizwa huu ni mwezi gani.

"Wewe mpunga huuoni?" mama alijibu kwa ukali. "Mwezi wa tano huu."

Oliva akamvuta kijana pembeni. "Mnampima mama yangu ili iweje? Mmemtoa damu?"

"Hapana, mama. Tunauliza maswali, na tunawafundisha wanaouguza. Bibi ana ugonjwa wa kusahau. Ubongo unakufa kidogo kidogo, ndiyo maana ya jana yanapotea na ya zamani yanabaki. Si uzee tu, na si kurogwa."

"Dawa?"

"Ya kuuponya bado hatuna." Osward alilisema hilo bila kuzungukazunguka. "Kinachomsaidia ni mtu mwenye subira. Asibishiwe, asiachwe peke yake, presha yake iangaliwe. Wifi yako anajitahidi sana, kwa kweli."

Hapo ndipo alipoharibu. Angenyamaza bila kumsifu Levina, labda Oliva angemsikiliza. Alipomsifu tu, Oliva aliona wazi kwamba hawa wawili lao moja.

Siku iliyofuata Levina alikwenda Mlabani kununua dawa za presha za mama. Alimwachia wifi yake ufunguo. "Geti usiliache wazi, wifi," alisema. "Tafadhali." Na hiyo tafadhali Oliva akaitilia shaka.

Mama alikuwa amejipumzisha kitandani. Oliva alichukua kisu cha jikoni, akaingia jarubani hadi vifundo vya miguu, akaukata mpunga wote, anakata na kusali Salamu Maria, anakata na kusali. Justa alikuwa amemshauri kwamba mpunga wa namna hiyo haulali nyumbani. Ukatupwe njia panda. Akaufunga kwenye shuka, akajitwika, akafungua geti na kutoka. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika mzigo, na geti halijifungi lenyewe.

Aliporudi, kitanda kilikuwa kitupu.

Alimwita mama chumba kwa chumba, akachungulia chooni, akakimbilia kwa Justa. Justa alisema hajaona kitu, akarudi ndani upesi na kufunga mlango. Levina aliposhuka kwenye bodaboda na kikapu chake, alimkuta wifi yake amesimama getini, kichwa wazi, matope miguuni. Alilitazama geti. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi. Oliva akajiandaa kutukanwa.

"Ameamka akakuta hakuna mpunga," Levina alisema. "Ameenda shambani." Akamwita dereva kabla hajageuza pikipiki.

Walipanda mshikaki, watatu kwenye pikipiki moja, Oliva nyuma, amemshika kiuno mwanamke ambaye uji wake aliukataa. Njiani Levina akaongea kuliko alivyoongea siku zote. Mama, alisema, alikuwa anatoroka kila alfajiri kwenda kuamia ndege kwenye shamba la zamani, lile ambalo ukoo ulishaliuza. Siku moja walimkuta mtoni, kwenye matete, kwenye njia ya viboko. Wakamfungia ndani, akaugonga mlango hadi mikono ikachubuka.

"Ndipo nikapanda ule mpunga. Ukikaribia kukomaa naukata, nahamishia miche mingine, ili ndege wasikose na yeye asikose kazi. Akishaamia anakula, analala." Akajinyoosha mgongo. "Ila yale maji, wifi, yananimaliza mgongo."

"Na unavyonuiza ukiyamwaga?"

"Rozari ile. Muda mwingine wa kusali sina."

Oliva aliona aibu, ile ya kweli inayopanda mpaka masikio yanawaka. Na chini ya aibu palikuwa na hofu, kwa sababu mto ulikuwa mbele yao na kosa lilikuwa lake.

Walimkuta katikati ya mabua. Mfugaji mmoja wa makamo, jina lake Mayunga, alikuwa amesimama naye, na ng'ombe wake wako mbali upande wa pili. Bi Serafina alikuwa anapunga mikono na kupiga kelele kwa sauti isiyotoka.

"Kawafukuza ng'ombe wangu," Mayunga alieleza. "Kasema wanamaliza mpunga wake. Nikawasogeza, nikampa na maji."

"Hapa mpunga uko wapi, baba?" Oliva aliuliza.

"Haupo. Lakini mtu mzima kasema upo, ningefanyaje?"

Walimrudisha kwa bajaji, amekaa katikati yao, ana mwiba mguuni lakini mzima. Bajaji iliposimama alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba kabla mtu hajamzuia. Akasimama mbele ya jaruba. Maji bado yalikuwamo, na makopo yalining'inia juu ya visiki vya mpunga.

"Levina." Alilitaja jina hilo bila kulitafuta, na Oliva, ambaye tangu afike hajaitwa jina, alilisikia likimchoma. "Levina, tumeibiwa mpunga."

"Ni ndege, mama," Levina alisema. "Wamekula."

"Ndege hawakati kwa kisu."

Kwa miaka miwili Bi Serafina alikuwa analalamikia wizi ambao haukuwepo, khanga alizokuwa amejifunga, chakula alichokuwa ametoka kula. Leo alikuwa anasema kweli tupu, na ilikuwa rahisi sana kumkanushia. Levina alikuwa ameshaanza kumkanushia, tena kwa ajili ya wifi yake aliyemnusia uji. Oliva alishindwa kulibeba hilo.

"Ni mimi, mama," alisema. "Mimi ndiye niliyeukata. Nisamehe."

Mama alimkagua kuanzia kwenye matope ya miguu hadi usoni. "Unaitwa nani?"

"Oliva."

Uso wa mama ulilegea kidogo, kisha ukakaza tena. "Na mimi nina binti anaitwa Oliva. Yuko Uchindile." Akamsogelea na kumnyooshea kidole. "Mshukuru Mungu hayupo. Angekuwepo yeye, usingethubutu kugusa mpunga wangu."

"Ndiyo, mama," Oliva alisema. Hakubisha.

Kisha akaingia jikoni huku machozi yanamziba macho, akachota mchele kwenye bakuli, akaumwaga kandokando ya jaruba ili ndege warudi.