Nafasi ya Kumi na Nane

Mwaka 1993 serikali iliuza shamba la mkonge lililokuwa likiifadhili timu ya Mkondoa ya Kilosa. Mpaka wakati huo wachezaji walikuwa wafanyakazi wa shamba kwa jina tu. Asubuhi walitia sahihi ofisini, na ikifika saa nne walikuwa uwanjani. Mwenye shamba mpya, mtu mpole aliyetokea Morogoro, alimwita kocha Nikolaus Chilongola akamweleza kwamba timu haitavunjwa. Ila wachezaji wangekuwa kumi na wanane, na kazi yao ingekuwa mpira basi. Majina yawe tayari tarehe ishirini Julai, siku ya mwisho ya usajili.

Wachezaji waliokuwepo walikuwa ishirini na sita.

Nikolaus alikwenda moja kwa moja kwa Hildegarda, mpiga chapa wa shamba na katibu wa timu. Hildegarda hakuwa mtu wa kelele uwanjani. Kila mechi alikaa pembeni ya benchi na daftari lake, akaandika nani amefunga, dakika ya ngapi, na nani ametoa pasi.

"Shida yetu unaijua," Nikolaus alisema. "Mabeki hawana tatizo. Mechi ishirini na mbili, mabao kumi na moja. Tumeponea chupuchupu kushuka daraja."

"Na saba kati ya hayo ni ya Abubakari."

"Ndiyo maana yeye ni wa kwanza kwenye orodha."

Hildegarda alimgeuzia daftari. "Tazama dakika, mwalimu. Yote saba ni kabla ya dakika ya ishirini na tano. Baada ya hapo hajafunga hata moja, msimu mzima."

Nikolaus alitazama kwa muda. "Ni lile goti."

"Goti, na umri. Ana miaka thelathini na minne."

"Thelathini na mmoja."

"Fomu yake ya kwanza kabisa niliichapa mimi," Hildegarda alisema.

Abubakari Mwinshehe alikuwa nahodha, mtoto wa Kilosa, na namba tisa ya Mkondoa tangu watu wengi walipoanza kuja uwanjani. Kumwacha kulikuwa jambo zito, na kumbakiza pale mbele kulikuwa kujidanganya. Mtu aliyeweza kukimbia dakika tisini alikuwepo: Kulwa Shimba, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyekuja kujaribiwa mwezi Mei. Mguu wake wa kushoto haukuwa na kazi, lakini akishatangulia hakuna beki aliyemfikia. Familia yake ilikuwa ya wafugaji kutoka Shinyanga, waliohamia upande wa Masanze miaka minne nyuma.

"Watu watasema tumemtoa mwenyeji tukamweka mtu wa ng'ombe," Nikolaus alisema.

"Watasema," Hildegarda alijibu. "Mpaka afunge."

Nikolaus alifikiri siku mbili, kisha alasiri moja akaenda nyumbani kwa Abubakari. Alimweleza bila kuzunguka: Kulwa acheze mbele, na yeye Abubakari arudi katikati, nyuma yake, awe mtoa pasi.

Abubakari alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwaka jana ng'ombe waliingia shambani kwa baba, Masanze, wakala mahindi yote," alisema. "Sasa unataka nimtafutie mpira mmoja wa wale wachungaji."

"Hujui kama ni ng'ombe wao."

"Sijui. Lakini goti langu nalijua, mwalimu. Kama limekwisha, niambie limekwisha. Usinipe kazi ya kupanga viti kwenye harusi ambayo mimi ndiye niliyekuwa bwana harusi."

Kesho yake Abubakari alipanda lori kwenda Mikumi, kwa kaka yake aliyekuwa na banda la kuziba pancha kando ya barabara kuu. Hakuaga mtu.

Mjini Kilosa habari ilienea kabla ya adhuhuri kwamba kocha amemtema nahodha. Nikolaus alipopita sokoni, wauza nyanya aliozoeana nao waliitikia salamu yake kwa ufupi. Alirudi kwenye orodha yake. Majina kumi na saba hayakuwa na wasiwasi. La kumi na nane lilikuwa la Jovin, mshambuliaji aliyefunga bao moja tu msimu uliopita lakini hakuwahi kukosa mazoezi, hata siku za mvua ambazo Nikolaus mwenyewe alitamani kubaki nyumbani. Alimwita pembeni akamwambia ajiandae. Jovin alimshika mkono kwa mikono miwili.

Jumamosi ya tarehe kumi Julai walikwenda Mikumi kucheza mechi ya kirafiki na timu ya mji ule, watu wa nyumba za wageni, utingo wa malori na mafundi wa barabarani. Wenyeji walipoingia uwanjani, Nikolaus aliona mtu anayemfahamu katika jezi ya njano iliyopauka. Mikumi walikuwa na washambuliaji wao wawili wasiokubali kumpisha mgeni, kwa hiyo walikuwa wamemweka Abubakari katikati.

Kulwa alifunga mapema kwa mbio. Alimpita beki kama aliyesimama. Wachezaji wa Mkondoa walishangilia, na Nikolaus akaanza kujiona alikuwa sahihi. Kisha Abubakari akaanza kucheza. Hakukimbia hata mara moja. Alitembea, akainua kichwa, na mpira ukatoka mguuni kwake ukapita katikati ya mabeki wawili, mahali ambapo Nikolaus, aliyekuwa beki ujanani, angeapa hapakuwa na njia. Bao. Katika nusu ya pili alifanya vilevile kutoka upande wa kulia. Mikumi wakashinda mawili kwa moja, na mpaka filimbi ya mwisho Abubakari alikuwa bado yumo uwanjani.

Jambo moja zaidi Nikolaus aliliona. Kulwa alipoangushwa karibu na katikati, Abubakari ndiye aliyemwinua, na wawili hao walisimama wakazungumza mpaka mwamuzi alipowahimiza.

Baada ya mechi Nikolaus alimkuta Abubakari kwenye banda la kaka yake, akiosha miguu katika beseni la kupimia pancha.

"Umekuja kunisema?" Abubakari aliuliza.

"Nimekuja kukuomba."

Abubakari alijifuta miguu. "Yule kijana anaanza mbio mapema. Leo ameotea mara sita. Nimemwambia amtazame mtoa pasi begani, si mguuni. Bega likishuka, aende. Kwenu hakuna wa kumfundisha hilo?"

"Hakuna."

"Nilimuuliza pia kuhusu mahindi." Abubakari alimwaga maji ya beseni. "Ng'ombe hawakuwa wao. Lakini baba yake alifuatana na wazee wenzake wafugaji kwenda kwa baba yangu kuomba radhi. Mwaka mzima sikujua. Baba hakuniambia, na mimi sikuuliza."

Lori la mizigo lilipita, wakangoja kelele zipungue.

"Goti haliumi," Abubakari alisema. "Tangu Januari, hii ni mechi ya kwanza nimemaliza na haliumi. Orodha imejaa?"

"Imejaa. Wa kumi na nane ni Jovin."

"Basi mwache Jovin abaki."

"Hilo niachie mimi," Nikolaus alisema. "Wewe niambie tu kama utakuja."

Abubakari alianza kuvaa viatu. "Nitakuja."

Jumapili Nikolaus alimfuata Jovin nyumbani baada ya misa. Njiani alikuwa amepanga maneno ya kutosha, lakini alipoketi alimwambia kwa sentensi moja kwamba nafasi yake amepewa Abubakari.

"Uliniambia nijiandae," Jovin alisema.

"Nilikuambia. Nimevunja neno langu, na sina cha kujitetea."

Jovin alitazama mikono yake. "Ni kwa sababu sifungi mabao?"

"Ndiyo."

"Heri umenieleza hivyo. Mwingine angesingizia mwenye shamba." Kisha akasema, "Nisingependa kuacha mpira, mwalimu."

Jioni ileile Nikolaus aliandika barua kwa timu ya Kidodi, ambayo wachezaji wake wengi walikuwa madereva na utingo wa malori ya miwa. Aliandika kwamba anamleta mtu ambaye hajawahi kukosa mazoezi, na kwamba yeye mwenyewe hakujua kumtumia. Hildegarda aliichapa vizuri na kuipiga muhuri. Jovin aliondoka nayo Jumanne. Nikolaus alimsindikiza hadi stendi, na ingawa waliagana vizuri, siku nzima hakuwa na hamu ya kula.

Abubakari alirejea Kilosa, na fomu zilipelekwa kabla ya tarehe ishirini. Wiki tano zilizofuata yeye na Kulwa walibaki uwanjani baada ya wenzao kuondoka. Mwanzoni Kulwa alikuwa akisema "shikamoo, kaka" na kunyamaza kabisa. Wiki ya tatu walikuwa wakibishana kwa sauti kuhusu nani aliyekosea, na Nikolaus aliposikia ubishi ule alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Mechi ya kwanza ya ligi ilikuwa nyumbani, mwishoni mwa Agosti. Jina la Kulwa lilipotajwa, mtu mmoja nyuma ya goli alilia kama ng'ombe na wenzake wakacheka. Kulwa aliinamisha kichwa. Kwa saa nzima mpira haukukubali, krosi zilikuwa mbovu, na wageni wakatangulia kwa mpira wa kona. Watu wakaanza kumtaka Abubakari aende mbele. Yeye hakwenda. Dakika ya sitini na nane alipokea mpira katikati, bega likashuka, na Kulwa alikuwa ameshaondoka. Kipa alitoka nusu njia akajuta; mpira ulikuwa wavuni. Dakika kumi baadaye wakafanya tena, safari hii Kulwa akampa winga wa kulia, naye akafunga kwa urahisi.

Mpira ulipokwisha, kundi la nyuma ya goli lilikuwa likiimba jina la ukoo la Kulwa na kulikosea, na baba yake Abubakari alikuwa akiwasahihisha.

Nikolaus hakukaa kushangilia. Alikuwa ameshamwita winga wa kushoto pembeni. Kijana huyo alikuwa amepiga krosi tisa na hakuna hata moja iliyofika. Alimwambia Jumatatu aje saa moja kabla ya wenzake, na aje na mipira yote.