Zamu ya Nyumba ya Hermila

Mutanu alipoambiwa mara ya kwanza kwamba mumewe ametoka katika manispaa, alidhani ni mji. Kwao Mwingi, manispaa ni lami, taa za barabarani na askari wa kufukuza wachuuzi. Kumbe Santa Prisca ni kanisa moja, uwanja, ofisi yenye mahabusu ya vyumba viwili, na nyumba zilizotawanyika kwenye milima ya Oaxaca, huko Meksiko. Watu wake wote wangeenea katika treni moja ya asubuhi ya kutoka Toongabbie, kitongoji cha Australia walikokaa.

Lakini udogo haukuipunguzia ukali. Mababu waliipata ardhi ile, mumewe Fidencio alimsimulia, kwa kusimama mpakani na fimbo, zamu kwa zamu, mpaka kijiji jirani kikachoka kuhamisha mawe ya mipaka. Hapakuwa na hati. Hati ilikuwa kule kusimama. Ndiyo maana hadi leo kila nyumba, kwa zamu, hutoa mtu wa kushika fimbo mwaka mzima, bila mshahara. Hulala ofisini, hupiga kengele, hutumwa huku na huko, huburuta walevi hadi mahabusu. Nyumba isiyotoa mtu hukatiwa maji, na wafu wake hawazikwi na wenzao.

Sasa zamu ilikuwa ya nyumba ya Hermila, na Hermila alikuwa na mtoto mmoja tu, Fidencio, ambaye karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado mikononi mwa serikali ya Australia. Akitoka nchini, ombi linakufa. Mutanu alikuwa na mimba ya miezi sita. Kila siku alimwomba Mungu jambo moja, mumewe asiende, na katika maombi hayo hakumtaja yule mama mkwe hata mara moja.

Baraza lilikutana Jumapili jioni, ambayo Toongabbie ni Jumatatu asubuhi. Karani wa Santa Prisca aliiweka simu yake karibu na kipaza sauti ili asiyekuwepo asikie na asikike. Mutanu alikuwa ametoka zamu ya usiku pamoja na Faida, jirani yao kutoka Uvira, wote wakitunza wazee. Faida alikaa mezani, chai mkononi.

"Banasema nini?" akauliza.

"Bado wanasalimiana."

"Kwetu salongo, ile kazi ya mutaa, iko Jumamosi, masaa mbili, unazibua mufereji, unarudi kula. Hawa banataka mwaka muzima? Hata serikali yetu, na ubaya yake yote, haiombe mwaka." Akamtazama Fidencio, ambaye hakujua Kiswahili. "Ona jasho. Mwanaume anaogopa simu."

"Faida, nyamaza kidogo."

Sauti ya Don Abundio, mwenyekiti, ikatoka kwenye simu. "Nyumba ya Hermila. Nani anasimama?"

"Don Abundio, mimi niko mbali," akasema Fidencio.

"Tunajua uko mbali. Hata mbuzi wa mama yako wanajua. Nimeuliza nani anasimama."

Uwanja mzima ukacheka. Kisha sauti nyingine ikasikika, kavu, ya kizee. "Nasimama mimi."

Hermila alikuwa na miaka sabini na mmoja, na ngazi za kanisa alizipanda upandeupande kama kaa.

"Walevi wamepata bahati!" mtu akapiga kelele. "Watambeba wao!"

Don Abundio akangoja kicheko kiishe. "Mzee hashiki fimbo mpaka mwanawe akubali kwa kinywa chake, mbele ya watu. Fidencio, unakubali?"

Fidencio akaifunika simu kwa kiganja. "Sema wewe, Muta," akanong'ona kwa Kiingereza, lugha yao ya nyumbani.

"Niseme nini?"

"Nikienda sirudi tena hapa. Nikibaki… umesikia. Sema wewe."

"Ni mama yako, Fide. Mimi siwezi kukusemea."

Uso ukamlegea Fidencio, kama mtu aliyepewa alichokuwa akikitafuta. Akaifunua simu.

"Mke wangu amenikataza," akasema kwa Kihispania.

Mutanu alikuwa ameishi naye vya kutosha kulielewa kila neno.

"Hatukuuliza mkeo," akasema Don Abundio. "Unakubali mama yako asimame?"

"Nakubali."

Kule uwanjani fimbo ikagongwa chini mara tatu. Fidencio akaiweka simu mezani bila kuikata, akaingia bafuni na kufungua maji.

"Anabakia?" akauliza Faida.

"Anabaki."

"Basi Mungu amekusikia, dada. Mbona uso iko hivyo?"

Mutanu aliichukua simu. Kihispania chake kilikuwa cha sokoni na cha jikoni, lakini kwa hili kilitosha.

"Mama Hermila. Ni mimi, Mutanu. Sikumkataza."

Kule simu ilipokezanwa, ikakwaruza nguo ya mtu, na sauti ya bibi ikaja karibu, ya chini, mbali na kipaza sauti.

"Najua, binti. Mimi ndiye niliyemzaa."

"Basi waambie."

"Niwaambie nini? Kwamba sikuzaa mwanamume? Mwaka mzima nitalala kati ya watu hawa. Wakidhani amezuiwa, watanionea huruma. Wakijua hakuzuiwa, watanicheka mpaka kaburini." Akavuta pumzi. "Wewe una mume na una mtoto. Usininyang'anye hili."

Don Abundio akaingilia. "Huyo mke anasema nini? Mlete kwenye kipaza sauti, watu wasikie."

Mutanu akasikia simu ikirudishwa kwenye kipaza sauti, na mwangwi wa uwanja ukifunguka. Bafuni, Fidencio alikuwa ameanza kupiga mluzi.

"Nilimkataza," akasema Mutanu.

Zomeazomea ikapanda. Mwanamume mmoja akamwita Mutanu kwa jina la mnyama, na wengi wakaliitikia. Juu ya sauti zao zote ikaja sauti ya Hermila, kubwa sasa, yenye nguvu ambayo Mutanu hakujua bibi yule anayo.

"Mmemsikia! Mmemsikia kwa masikio yenu, hayawani aliyemla mwanangu!"